Tulivyohudumiwa Njia ya Tanga

Safari yetu ya Tanga haikuwa ya matembezi. Tulikwenda kutoa mkono wa taazia kwa familia ya mwalimu mmoja aliyesomesha katika madrasa ya msikiti wetu kwa miaka mingi, kisha akarejea kwao kumalizia uzee wake, Allah amrehemu. Msafara ulikuwa wa watu watatu: mzee wetu wa kamati, ambaye umri wake umepita miaka 70 na ambaye maradhi ya sukari yamemlazimisha kula kwa saa na kwa kipimo, mweka hazina, na sisi tunaoandika haya, ambao kazi yetu msikitini ni kuandika mihutasari na kutunza mafaili.

Ndani ya mkoba tulikuwa na faili moja ambalo hatukutaka kuliacha nyumbani. Msikiti wetu una fremu nne za waqfu zinazotazama barabara, na ya tatu amepangishwa muuza chipsi. Barua ya malalamiko ilikuwa imetufikia, imetiwa saini na waumini 12. Walisema moshi wa karai unaingia ndani wakati wa Magharibi, vijana wanapiga kelele, na kijana anayekaanga hana adabu kwa wateja. Waliomba mkataba usihuishwe. Kikao kilikuwa Jumamosi inayofuata, nasi tulikusudia kuandaa maelezo ya katibu tukiwa ndani ya basi. Tulikuwa tumekwishaandika sentensi ya kwanza, nayo ilikuwa inaunga mkono malalamiko.

Tulisali Alfajiri na kuelekea kituo cha mabasi cha Mbezi. Basi lilipita Kibaha jua likichomoza, likafika Chalinze, likaiacha barabara ya Morogoro na kushika ile ya kaskazini. Anayeijua njia hii anajua kwamba abiria hali njaa kwa kukosa chakula, labda akose fedha. Kila basi lipunguzapo mwendo, wachuuzi hulikimbilia na vyano vichwani: mayai ya kuchemsha na chumvi yake, korosho, mahindi ya kuchoma, maji, ndizi. Huinua vyano hadi madirishani, wakatembea sambamba na magurudumu, na kurudisha chenji basi likiwa limekwisha kuondoka.

Mzee wetu aliwatazama akacheka, akasema kuwa jambo hili pwani yetu halikuanza na mabasi. Tulikumbuka aliyoyasimulia Ibn Battuta, msafiri wa Tangier aliyepita pwani hii mwaka 1331. Alipowasili Mogadishu, aliona vijana wakitoka na mashua hadi kwenye jahazi lililotia nanga, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa, naye humpa mfanyabiashara mmoja kati ya waliomo na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Kisha humchukua mgeni hadi nyumbani na kumsimamia katika biashara zake. Ibn Battuta aliendelea kusini hadi Mombasa na Kilwa. Bila shaka vijana wale walitafuta faida, kama hawa wa Chalinze wanavyoitafuta, lakini faida yao ilianza kwa kumlisha mgeni kabla hajauliza bei ya kitu.

Tulivuka daraja jipya la Wami, tukapita Mkata, na kabla ya kufika njiapanda ya Segera basi likaingia katika uwanja wa mgahawa mkubwa wa kando ya barabara. Kondakta akasimama mlangoni akatangaza: dakika kumi na tano, atakayechelewa asilaumu mtu.

Ndugu msomaji aliyesafiri anaijua migahawa hii. Ni chakula cha haraka kwa maana yake kamili. Mabasi matatu huweza kuingia kwa pamoja, na watu zaidi ya 100 hushuka wote wakiwa na haja moja ya kujisaidia na haja nyingine ya kula. Kwanza hulipa kaunta na kupewa risiti. Kisha husogea kwenye kabati refu la vioo ambamo chipsi, kuku wa kukaanga, mishikaki na sambusa vimepangwa chini ya taa za joto. Hapo ndipo vurugu huanza, kwani kila mtu amekwishalipa na kila mtu anahesabu dakika zake. Sauti tulizozisikia ni: “Wewe! Dada! Husikii? Basi langu linaondoka!” Wengine hawakusema neno, walipunga risiti tu mbele ya uso wa mhudumu kama mtu anayefukuza nzi.

Nyuma ya kioo alikuwako binti mmoja aliyejifunga ushungi na aproni, umri wake pengine miaka 20 au 22. Tuliona ameanza na waliokuwa upande wa kulia, nasi tukiwa kushoto. Dakika nne zilikwisha. Tukatoa sarafu mfukoni tukagonga kioo mara tatu. Tunakiri kwa fedheha kwamba mkono huo haukuwa wa mweka hazina wala wa abiria mwingine, ulikuwa wetu, mkono ulioshika faili lenye barua inayosema kijana wa fremu ya tatu hana adabu.

Binti aligeuka. Tulitarajia uso uliokunjwa, na tungestahili. Akasema, “Karibuni, kaka zangu, nawajia sasa hivi.” Kisha akamwona mzee aliyekuwa nyuma yetu ameegemea nguzo. “Shikamoo, babu. Njoo ukae hapa, usisimame.” Akasogeza kiti chake mwenyewe, kile kimoja alichokuwa nacho nyuma ya kabati, akakipitisha juu ya kaunta.

Mzee aliuliza kama kuna kinywaji kisicho na sukari. Binti hakuuliza zaidi. Akamwambia asile chipsi zilizoko kabatini kwa kuwa zimekaa, akamletea kutoka jikoni ndizi mbili za kuchemsha, kipaja cha kuku kisicho na mafuta mengi, kachumbari na chupa ya maji. Kisha alimwita mvulana aliyekuwa akifuta meza na kumnong'oneza. Mvulana akatoka mbio. Baadaye tulijua alitumwa kwa kondakta kumwambia kuwa kuna mzee mgonjwa wa sukari ndani, asiondoke kabla hajamaliza. Haya yote yalifanyika huku mikono yake ikiendelea kujaza sahani za watu wengine, na huku akiendelea kuitwa “wewe”.

Mzee wetu alikula taratibu kama kawaida yake. Alipofika nusu, aliinua kichwa akamuuliza, “Binti yangu, wewe umekula?”

Binti akacheka. “Mabasi yakiisha, babu.”

“Yanaisha saa ngapi?”

“Ya asubuhi yanaisha saa nane. Nikipata nafasi hapo.”

Ilikuwa saa nne na robo. Alikuwa amesimama pale tangu saa kumi na mbili. Mzee akakata kipande cha kuku ambacho hakukigusa, akakiweka juu ya karatasi safi na kumsogezea. Binti akatikisa kichwa, bado akitabasamu, akaonyesha kwa macho tu pembe ya dari palipokuwa na kamera. Wafanyakazi wa pale hawaruhusiwi kula mbele ya kabati, na kila sahani inayovunjika au risiti isiyolingana na chakula kilichotoka hukatwa katika ujira wao. Haya alitueleza mvulana mfuta meza wakati akimshika mzee mkono kumrudisha kwenye basi. Alitueleza bila chuki, kama mtu anavyoeleza hali ya hewa.

Basi lilituchukua na dakika saba zaidi ya ahadi. Kondakta hakunung'unika. Alimsaidia mzee kupanda, akasema tu, “Yule dada akisema subiri, tunasubiri.”

Kwa muda mrefu hatukufungua faili. Kuna hadithi iliyopokewa na Abu Hurayra (r.a.), nayo imo katika Sahihi mbili, ambayo Mtume (s.a.w.) anatufundisha kwamba mtumishi akimletea mmoja wetu chakula, basi amketishe ale naye, na ikiwa hakumketisha, ampe japo tonge moja au mawili, kwa kuwa yeye ndiye aliyestahimili joto lake na taabu ya kukiandaa. Hadithi hiyo tuliisoma chuoni. Tuliijibia mtihani, tukataja wapokezi wake na kauli za wanavyuoni juu ya amri iliyomo, kama ni ya wajibu au ya kupendekezwa, na tulipata alama nzuri. Mzee wetu hakusoma chuo. Alikuwa fundi cherehani. Lakini miongoni mwetu watatu ni yeye aliyeuliza kama aliyebeba joto la chakula kile amekula.

Watu huzungumza sana juu ya ukarimu wa mhudumu, kwamba atabasamu, aseme karibu, asikunje uso, na ni kweli kuwa Mtume (s.a.w.) amelihesabu tabasamu la mtu mbele ya ndugu yake kuwa ni sadaka. Hata hivyo sadaka haitolewi kwa kudaiwa. Sisi wateja tumeligeuza tabasamu la mhudumu kuwa sehemu ya bei, kama kachumbari, na asipolileta tunalalamika kwa mwajiri wake. Tabasamu letu sisi hatulihesabu. Anas bin Malik (r.a.) alimtumikia Mtume miaka kumi, na ushahidi wake ni kwamba katika muda wote huo hakuambiwa hata neno la kuguna, wala hakuulizwa kwa nini alifanya hili au hakufanya lile. Na chakula chenyewe, Mtume hakupata kukitia ila. Akikipenda hula, asipokipenda hukiacha. Hebu tujiulize mara ya mwisho tulipokaa katika mgahawa tulisema nini juu ya chipsi zilizopoa, na tulimwambia nani, hali ya kuwa aliyeambiwa si mwenye mgahawa wala si aliyezipoza.

Tuliwahi kusoma kwamba chakula cha haraka cha Kimarekani, hiki ambacho miji yetu inakiiga kwa mabango na rangi zake, kilianza kwa kumwondoa mhudumu. Ndugu wawili wa ukoo wa McDonald, katika mji wa San Bernardino huko California, waliufunga mgahawa wao mwaka 1948 kwa muda, wakawaachisha kazi waliokuwa wakiwapelekea wateja chakula kwenye magari, wakapunguza aina za vyakula, wakaweka dirisha ambalo mteja huliendea mwenyewe. Gharama ikashuka, foleni ikaenda mbio. Hatuna ugomvi na hesabu yao. Ila njia ya Tanga bado haijafika huko. Hapa kasi yote ya dakika 15 inabebwa na mabega ya binti mmoja ambaye hajala.

Segera tulikata kulia. Kutoka hapo hadi Tanga ni kiasi cha kilomita 70, na nchi inabadilika. Mashamba ya mkonge yamepangwa kwa mistari kuelekea Hale na Ngomeni, mengine yakiwa yamemea vichaka, na milima ya Usambara imebaki upande wa kushoto ikiwa ya buluu. Muheza kuna machungwa. Ni machungwa kila mahali, katika nyavu, katika matenga, yamemenywa na yasiyomenywa, na harufu ya maganda inaingia ndani ya basi kabla hujaona mti hata mmoja.

Juu ya taazia hatutasema mengi. Tulipokewa vizuri, tukamwombea dua marehemu, tukakabidhi kilichotumwa na msikiti. Usiku, baada ya Isha, mwenyeji wetu alitutoa kwenda Ngamiani, mitaa ile iliyopangwa kwa namba, barabara ya kwanza, ya pili na kuendelea, ambako watu wa Tanga hukaa barazani na kuzungumza kwa Kiswahili chao cha taratibu kama kwamba kesho ipo nyingi. Mzee alikuwa amepumzika. Mweka hazina, aliyekaa siku nzima na njaa ya adabu, alitaka chipsi mayai.

Kibanda kilikuwa pembeni mwa njia panda: jiko la mkaa, karai jeusi, trei za mayai, ndoo ya viazi vilivyomenywa na kukatwa, benchi mbili za mbao. Viazi hivyo, mwenyewe alituambia, hushuka kutoka milima ya Lushoto. Mkaangaji alikuwa mtu wa makamo mwenye kofia ya viua. Mbele yake walisimama watoto watatu na mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni. Sisi tulikuwa katika kanzu, na mwenyeji wetu ni mtu anayejulikana mjini. Tukasalimu, tukasogea mbele, tukaagiza.

Akaitikia salamu kwa ukamilifu wake, akatuuliza hali, akatupa pole ya msiba, kisha akasema kwa upole, “Masheikh wangu, mniwie radhi. Hawa wadogo wamewatangulia. Kaeni, karibuni.”

Tukakaa. Ilikuwa mara ya pili kwa siku moja kufunzwa adabu na mtu mwenye mwiko mkononi. Tuliangalia anavyofanya kazi. Mtoto wa kwanza, wa miaka sita hivi, alileta sarafu tatu za shilingi 200 na kusema mama ametaka chipsi. Kiasi kile hakikutosha sahani ya chini kabisa. Mtu yule alizipokea kwa mkono wa kulia, akauliza, “Mama hajambo? Homa imepungua?” Akajaza chipsi, akaweka kachumbari, akafunga karatasi mara mbili ili zisipoe, akamwambia mtoto apite upande wenye taa. Hakusema hazitoshi, wala hakutaka sisi tuliokaa nyuma tujue kuwa amezidisha. Tulijua kwa kuwa mweka hazina ana tabia ya kuhesabu fedha za watu.

Alikuwa na kijana msaidizi aliyemenya viazi. Kila alipokaanga yai, la kwanza lililotoka lilienda kwa mteja, lakini katikati ya kazi alisimama, akakata kipande cha zege lililokuwa karaini, akaliweka kwenye kisahani na kumwambia kijana, “Kula kwanza, viazi havikimbii.” Wateja wanne walikuwa wanasubiri, na hakuna aliyegonga kitu. Tulimuuliza kama haoni anapoteza wateja wenye haraka. Alifikiri kidogo, akajibu kuwa wenye haraka wanaenda kwa jirani yake, naye jirani ana watoto pia.

Chipsi zake zilikuwa nzuri, ingawa chumvi ilizidi kidogo. Tulizila bila kusema.

Siku ya kurudi, basi liliposimama Muheza mzee alinunua wavu mmoja wa machungwa. Tulimkumbusha kuwa mwenye sukari hapaswi kujaza machungwa nyumbani. Akasema si yake, ni ya yule binti. Tukayaweka miguuni. Lakini basi hili lilikuwa la kampuni nyingine na lilisimama katika mgahawa mwingine. Lile kabati la vioo tulilipita kwa kasi, mzee akiwa amegeuza shingo. Hakusema kitu hadi Chalinze.

Tuliingia mtaani kwetu karibu na Magharibi. Taa za msikiti zilikuwa zimewashwa na kweli moshi wa karai ulikuwa ukielekea madirishani. Waandishi wa barua hawakusema uongo. Foleni ya watu mbele ya fremu ya tatu ilikuwa ya watu tisa au kumi, na miongoni mwao tuliwatambua watatu waliotia saini. Mmoja wao alikuwa akigonga kioo kwa ufunguo wa pikipiki.

Kijana wa karai tumempita kila siku kwa miaka miwili. Katika faili ameandikwa “mfanyakazi wa mpangaji”. Tulimwendea sisi watatu na mikoba yetu, mzee akiwa mbele na wavu wa machungwa. Alipotuona, rangi ilimbadilika. Habari za barua zilikuwa zimemfikia. Akazima jiko, akaanza kupangua sufuria moja juu ya nyingine huku wateja wakimpigia kelele, akasema bila kututazama, “Naondoka, masheikh. Nipeni tu hadi kesho nimtafute bosi, mshahara wa mwezi uliopita bado hajanipa.”

Mzee aliweka machungwa juu ya kabati, akauliza jina lake, kisha akamuuliza kama amekula.

Kikao kilikaa Jumamosi kama kilivyopangwa. Ile sentensi yetu ya kwanza tuliifuta. Mjumbe mmoja alisema kwa haki kabisa kuwa kamati si chama cha wafanyakazi na kwamba moshi ni moshi, na mweka hazina akamuunga mkono katika hilo la moshi. Mkataba umehuishwa kwa miezi sita kwa masharti mawili yaliyoandikwa. La kwanza, mpangaji anyanyue bomba la moshi hadi juu ya paa kwa gharama zake kabla ya mwezi kwisha. La pili, amlipe mfanyakazi wake alichomdai na kumwekea msaidizi, ili kila mmoja apate muda wa kusali na kula. Mpangaji alilipinga la pili kuliko la kwanza. Alitia saini siku ya Jumatatu, baada ya mzee wetu kwenda kukaa naye dukani kwake tangu Adhuhuri hadi Alasiri.